Basi ni Zima

Siku ya kwanza katika chuo cha uuguzi, binti alirudishwa nyumbani kwa sababu ya kola.

Sare yake aliishona mama yake, fundi cherehani ambaye nusu ya mtaa ilivaa kazi ya mikono yake. Aliishona kwa moyo wote, akaipiga pasi, akaitundika mlangoni ili kila anayepita aione. Ila kola aliiweka ya mviringo, maana aliona kola ya pembe haimpendezi binti mwenye shingo ndefu. Mwalimu wa mafunzo ya wodini, mama mfupi ambaye wanafunzi walikuwa wameshambandika jina la Kanali kabla hata hawajaonyeshwa vyoo viko wapi, alipita mstarini akikagua kucha, nywele na viatu. Alipomfikia binti akasimama.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ameshona mama."

"Mwambie mama ashone tena. Hapa hatuendi harusini."

Mstari mzima ukacheka kimyakimya, kila mmoja akishukuru kwamba si yeye. Binti akatoka na mkoba wake, akapita getini mbele ya wazazi waliokuwa bado wanawaaga watoto wao.

Nyumbani fundi alisikiliza habari hiyo akiwa na pini mdomoni. Akazitoa polepole, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Amesema harusini?"

"Ndivyo alivyosema."

"Yeye kola yake ikoje?"

"Ya pembe."

"Na shingo?"

"Hana."

Bibi, mama mzazi wa fundi, aliyekuwa amejinyoosha kwenye mkeka akidai amelala, aliangua kicheko mpaka akakohoa. Fundi hakucheka. Alichukua kiwembe, akaanza kufumua mshono mmoja mmoja, uso umemvimba kana kwamba anafumua ngozi yake mwenyewe.

Baba mtu aliporudi mchana kula, akakuta kola mpya tayari inapigwa pasi. Alikuwa dereva wa basi la shule, mtu mnene mwenye sauti ya pole, ambaye watoto wa shule nzima walimwita Anko. Aliposimuliwa akamwangalia binti yake, akatikisa kichwa.

"Wewe umerudishwa kwa kola, una bahati. Mimi siku yangu ya kwanza niliwapeleka watoto shule nyingine kabisa. Twende, nikufikishe mwenyewe."

Katika nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja zaidi, mdogo wake binti, msichana wa darasa la tatu aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Redio alisoma katika shule ile ile ya basi, shule ya watu wenye magari, bila kulipa ada. Sababu ilikuwa moja tu, baba yake alikuwa ndiye dereva.

*

Binti alikuwa amejiandaa kujifunza sindano na dawa. Wiki za mwanzo alijifunza kunawa mikono. Alifundishwa kunawa kati ya vidole, chini ya kucha, mpaka kwenye kiwiko, huku Kanali akisimama nyuma yake na kumwambia arudie. Kisha akajifunza kutandika kitanda. Kisha kutandika kitanda chenye mtu ndani, bila kumwamsha na bila kumwangusha. Wakaletewa bakuli la haja, wakafundishwa kumwekea mgonjwa chini yake na kumtolea bila kukunja uso.

"Uso wako ndio wa kwanza kufundishwa," Kanali aliwaambia. "Mgonjwa akinusa harufu yake mwenyewe, ataangalia uso wako ajue ni mbaya kiasi gani. Kwa hiyo uso utulie."

Kuna jambo lingine alilolirudia karibu kila kipindi, akigonga meza kwa kidole. Unachokiona kwenye mwili wa mgonjwa na anachokuambia kwa mdomo wake ni mali yake. Hukisemi sokoni, hukisemi nyumbani, hukisemi hata kwa mume wako.

Darasani binti alikaa na kijana mkubwa wa mwili, mbeba zege wa zamani, ambaye kwa hiyo alibaki kuitwa Zege. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama ubao, na mashuka aliyoyatandika yalitoka yamenyooka kuliko ya yeyote. Wasichana walimcheka siku ya kwanza. Siku ya pili wakaanza kumgombania awe mwenzao wa mazoezi, kwa sababu aliweza kumwinua mtu peke yake.

Mtaani hali ilikuwa nyingine. Huko binti alikuwa ameshahitimu. Bibi alianza kumwita Sista tangu siku alipopata nafasi, na jina likashika. Kila alasiri alimkuta mtu amekaa kwenye ngazi akimsubiri. Muuza mkaa alivua kiatu akamwonyesha ukucha uliooza. Jirani wa nyuma alikuja na chupa ya dawa ya macho ya mtoto wake akitaka kujua kama inafaa pia kwa masikio. Bibi ndiye aliyewapanga, amekaa na mkongojo kama karani wa mapokezi.

"Sista, huyu ni kifua. Huyu mwingine anasema tumbo, lakini mimi naona ana mawazo."

"Bibi, sisi bado tuko kwenye mashuka."

"Sasa si ndiyo wanakoanzia? Mwangalie tu, mtu akiangaliwa anapata nafuu."

*

Walipofika kwenye somo la kupima presha, Kanali aliwaruhusu kuchukua mashine nyumbani kwa zamu, wakazoeze masikio. Zamu ya Sista ikaangukia Jumapili. Aliitandaza mezani baada ya chakula cha mchana, kile kitambaa cha kufunga mkononi, kipira cha kubinya, na mipira ya kusikilizia ambayo Redio alikuwa ameshajivisha shingoni.

Bibi alipimwa wa kwanza kwa sababu hakukubali kuwa wa pili.

"Presha yako kama ya msichana," Sista akamwambia.

"Nilijua," Bibi akajibu, akajifunga kanga upya. "Andika hivyo, walimu waone."

Fundi alipimwa akiwa anakunja nguo za wateja kwa mkono mwingine. Redio alilia apimwe naye, kitambaa kikamzunguka mkono mara tatu kikadondoka. Ndipo baba yao akasogeza kiti, akapandisha mkono wa shati.

"Haya daktari. Mimi huniumizi, nina nyama."

Sista alibinya kipira, akaanza kuachia hewa. Mlio wa damu ulianza kugonga masikioni mwake mapema mno, sindano ya mashine ikiwa bado iko juu kabisa. Akadhani amekosea. Akaachia hewa yote, akamwomba atulie, akafunga upya, akabinya zaidi. Mlio ulianza pale pale, juu ya mia na tisini, na haukuisha mpaka sindano ilipopita kidogo tu mia na kumi. Akahamia mkono wa pili.

"Mbona mimi unanipima kama unanipimia suti?" baba yake akauliza.

"Kichwa hakikuumi?"

"Kichwa cha nani hakiumi? Kaa na watoto sitini kila asubuhi wanaimba wimbo mmoja. Tena lile jua la kwenye kioo."

"Ngapi?" fundi akauliza bila kuinua macho.

Sista akamtazama baba yake. Baba naye akamtazama, na kwa sekunde moja tabasamu lake lilisimama bila kwenda mbele wala kurudi.

"Sijaisikia vizuri," Sista akasema. "Masikio yangu bado."

"Mashine ya chuo," baba akasema akishusha mkono wa shati. "Nayo inajifunza."

Siku iliyofuata Sista alimfuata Kanali ofisini, akamweleza kwamba amempima mtu fulani na hesabu imekuwa hivi. Kanali aliacha alichokuwa anakiandika.

"Umerudia?"

"Nimerudia. Mikono yote miwili."

"Basi masikio yako hayana kosa. Mtu huyo aje hospitali leo, asingoje wiki ijayo. Ni nani?"

"Jirani," Sista akasema. Ulikuwa uongo wake wa kwanza chuoni, na ulimtoka kwa urahisi uliomshangaza.

*

Alimkuta baba yake uani kwa shule, anaosha basi. Lilikuwa jipya kuliko kitu chochote walichowahi kukiita chao, na baba alilisugua kwa namna ambayo fundi aliionea wivu hadharani. Sista alisimama pembeni mpaka akafunga maji.

"Baba, presha yako iko juu sana. Nimemuuliza mwalimu. Anasema mtu wa namna hiyo aende hospitali siku hiyo hiyo."

"Umenitaja mimi?"

"Sijakutaja."

Baba akakaa kwenye ngazi ya mlango wa basi. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye suruali wala hakuyajali.

"Unamkumbuka yule dereva mwenzangu aliyekuwa anakuja kucheza bao?"

"Namkumbuka."

"Alikwenda kupima. Akaleta cheti mwenyewe, kwa uaminifu wake, akampa meneja wa usafiri. Akaambiwa, pole sana mzee, pumzika kwanza, tutakuita. Mpaka leo wanamwita." Akafuta mikono kwenye magoti. "Anauza mayai ya kuchemsha. Mtoto wake alitolewa shule katikati ya muhula, akapewa madaftari yake kwenye mfuko. Redio amefika wapi?"

"Darasa la tatu."

"Basi."

"Lakini dawa zipo, Baba. Unameza, unaendelea na kazi."

"Nitameza. Shule zikifungwa nitakwenda, nitapima, nitameza. Lakini sasa hivi nikionekana tu kwenye foleni ile, jioni meneja anajua. Nusu ya wazazi hawa wanafanya kazi hospitali." Akamtazama usoni. "Si mnafundishwa kutunza siri ya mgonjwa? Basi mimi ni mgonjwa wako. Nimekuambia. Tunza."

Sista akajibu kwamba atatunza. Walirudi nyumbani pamoja, baba akimsimulia habari ya mtoto mmoja aliyetapika kwenye begi la mwenzake, akiigiza sauti zote mbili, na Sista akacheka mahali pa kucheka.

*

Siku ya kwanza wodini walipelekwa wodi ya wanaume. Walipewa beseni, sabuni na vitambaa, wakaambiwa waanze na kitanda cha dirishani. Pale alikuwa amelala fundi bomba wa rika la baba yake Sista, upande mzima wa kulia umekufa, mdomo umevutwa chini. Mke wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma, begi mapajani kama mtu anayesubiri gari.

"Mnajifunzia kwake?" akauliza.

"Ndiyo mama," Sista akasema. "Kama utaturuhusu."

"Jifunzeni tu. Angalau kuna mtu atakayefaidika."

Zege alimgeuza yule bwana taratibu, mkono mmoja begani na mwingine nyongani, kama walivyofundishwa. Sista aliosha uso, shingo, kifua. Alipofika kiunoni na kufunua shuka, ule mkono mmoja uliobaki mzima uliinuka ghafla, ukashika kitambaa, ukang'ang'ania. Yule bwana alitoa sauti isiyo na maneno. Machozi yakamtiririka upande mmoja tu.

Zege akageukia dirishani. Sista hakujua la kufanya, hili halikuwemo kwenye mazoezi. Mwishowe alifunika shuka, akauweka mkono wake juu ya ule mkono, akangoja. Ulipolegea akaendelea, akiosha chini ya shuka bila kufunua, kwa kupapasa. Uso wake aliutuliza. Ilimchukua nguvu zaidi kuliko kumgeuza mtu.

"Alianza na kichwa," mke akaanza kusema, bila kuulizwa. "Kila siku, jua, jua. Nikamwambia nenda kapime, akasema akimaliza kazi ya nyumba ya yule tajiri. Alikuwa juu ya ngazi. Nashukuru Mungu hakumwangukia mtu, chini alikuwepo kijana anamshikia vyuma."

Sista alikamua kitambaa. Maji yalikuwa yamepoa, akaenda kuyabadilisha, akasimama bombani muda mrefu mpaka Zege akamfuata kuuliza kama beseni limetoboka.

*

Jioni ile hakungoja kumpata baba yake peke yake. Aliingia akamkuta mezani, fundi yuko kwenye mashine, Bibi anachambua mboga, Redio anafanya hesabu sakafuni.

"Baba, kesho nenda hospitali. Nakuomba."

Baba akamtazama fundi, kisha akamgeukia Sista. "Tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana nisiseme kwa watu. Hapa hakuna watu."

"Kuna nini?" fundi akauliza. Mguu wake ulikuwa bado unakanyaga cherehani.

"Hakuna kitu. Mwanao ametandika vitanda wiki mbili tatu, sasa anataka kunishusha kwenye basi." Sauti yake ya pole ilikuwa imeondoka. "Umeona nani akianguka? Mimi? Ulipokuwa unakojoa kitandani nilikuwa naendesha. Nimeendesha mvua, nimeendesha gari lisilo na breki, sijamkwaruza hata kuku. Leo unakuja na mpira wako wa masikioni unaniambia mimi siwezi kazi?"

"Sijasema huwezi kazi."

"Umesema nini, basi?"

"Baba," Redio akaita kutoka sakafuni, bila kuinua kichwa kwenye daftari. "Kama siku ile uliposimamisha basi."

Cherehani ikasimama.

"Siku gani?" fundi akauliza.

"Ile. Baba alisimama tu njiani, akaweka kichwa kwenye usukani. Tukamwita Anko, Anko, hasikii. Halafu akaamka akasema tairi. Lakini hakushuka kuangalia tairi."

Bibi aliendelea kuchambua mboga, ila sasa alikuwa anatupa majani na kubakiza vijiti. Baba akaegemea kiti. Alionekana kama mtu aliyekamatwa barabarani bila leseni na askari aliyesoma naye.

Sista alimgeukia mama yake, akiwa na hakika kwamba sasa amepata mwenzake. Lakini fundi alikuwa anamtazama Redio, sare ya shule ya Redio, viatu vyake vyeusi mlangoni.

"Muhula unaisha lini?" fundi akauliza taratibu.

"Mama!"

"Nimeuliza tu. Wangapi wana presha na wanaendesha? Ni wengi. Akipunguza chumvi, akilala mapema. Mpaka watoto wafunge shule."

"Mama, mimi leo nimemwosha mtu—" Sista akaishia hapo. Lile la kitanda cha dirishani lilikuwa mali ya mwenyewe. Akafunga mdomo, akaingia ndani.

*

Siku iliyofuata alikuwa na mtihani wake wa kwanza wa vitendo, kumwogesha mgonjwa kitandani mbele ya Kanali. Alivaa sare yake nyeupe yenye kola ya pembe, akafunga nywele, akatoka nyuma ya baba yake kabla hakujapambazuka vizuri. Baba alisikia hatua zake wala hakugeuka. Walifika uani kwa shule hivyo hivyo, mmoja mbele na mmoja nyuma. Baba alipofungua mlango wa basi, Sista akapanda, akakaa kiti cha nyuma ya dereva.

"Chuo kiko upande ule," baba akasema.

"Najua."

"Una mtihani."

"Najua."

"Utakaa hapo ufanye nini?"

"Nitakaa tu. Ikitokea kama siku ile, kuwe na mtu mzima ndani."

Baba alishika ufunguo kwa muda. Kisha akawasha gari, akatoka.

Kituo cha kwanza walipanda watoto watatu, wakamsalimia Anko, wakamkodolea Sista macho. Kituo cha pili mzazi mmoja, mwanamke aliyevaa nguo za ofisini, alimpandisha mwanawe aliyekuwa na pumu, akaona sare nyeupe ndani ya basi, akafurahi.

"Ala! Siku hizi mna nesi ndani? Safi sana. Hii ndiyo shule." Akampungia mkono dereva. "Nikikuachia wewe huwa sina wasiwasi, Anko, lakini leo naenda kazini naimba."

Baba akaitikia kwa kichwa. Sista aliona kwenye kioo cha juu jinsi baba yake alivyokwepa macho yake. Kituo cha tatu ikawa vile vile, mzazi mwingine, sifa zile zile. Watoto walianza kuimba wimbo wao. Kila sifa iliyotolewa ilikaa ndani ya basi kama abiria asiyetaka kushuka.

Wakafika mtaani kwao. Pale kituoni fundi alikuwa amesimama na Redio, amemshika mkono. Baba alifungua mlango. Redio akanyanyua mguu apande, fundi akamvuta.

"Redio hapandi leo," fundi akasema. Hakuwa akimtazama mumewe, alikuwa akitazama tairi. "Anakohoa. Nitampeleka mwenyewe kwa miguu, taratibu."

"Sikohoi mimi!" Redio akapaza sauti. "Baba, sikohoi! Mama anasema uongo!"

"Nyamaza."

"Nikohoe nini na mimi sina kifua!"

Watoto ndani wakacheka. Baba hakucheka. Alimtazama mkewe, akaona jinsi alivyomng'ang'ania mtoto mpaka vidole vimebadilika rangi, na fundi mwishowe akainua macho. Walitazamana hivyo, yeye juu kwenye usukani na mkewe chini barabarani. Mlango ukafungwa.

Basi lilisogea kidogo, likapita duka la kona, likapita msikiti mdogo. Kisha baba akawasha taa ya pembeni, akatoka barabarani polepole, akasimama kwenye uwazi mbele ya gereji. Akavuta breki ya mkono. Akazima injini. Wimbo ukakatika.

Akachukua simu yake, akabonyeza, akangoja.

"Bosi, habari za asubuhi. Niko hapa karibu na gereji, na watoto. Naomba uniletee dereva mwingine." Akasikiliza. "Hapana, basi ni zima. Basi halina tatizo lolote." Akafuta jasho kwa kiganja. "Ni mimi."

Sista alinyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma akaushika ule wa baba yake, na kwa mazoea ya wiki zile vidole vyake vilijikuta vimekwenda kwenye mshipa. Baba aliuacha.

"Watoto," akaita kwa sauti yake ya kawaida, "tunamsubiri anko mwingine. Mlifika wapi kwenye ule wimbo?"

*

Hospitali walimzuia mpaka siku ya pili yake, maana presha ilikataa kushuka kwa dawa za kwanza. Daktari aliuliza ni nani aliyeigundua, akaambiwa binti yake, mwanafunzi. Akasema vizuri, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Chuoni, Sista alisimama mbele ya meza ya Kanali.

"Hukufika kwenye mtihani. Una sababu?"

"Ninayo, Mwalimu. Lakini si yangu kuisema."

Kanali alifungua daftari la alama. Pengine alikumbuka yule jirani, pengine hapana. "Sababu isiyosemwa siwezi kuiandika popote. Umepata sifuri. Utarudia na walioshindwa."

"Sawa, Mwalimu."

Alirudia pamoja na watu waliomwaga maji kitandani, na Zege alijitolea kuwa mgonjwa wake. Alifaulu, ila ile sifuri ilibaki pale pale.

Meneja wa usafiri alimwambia dereva maneno yale yale aliyoyatarajia, pole sana mzee, pumzika kwanza. Fundi hakungoja kuitwa. Alikwenda shuleni amevaa nguo yake nzuri kuliko zote, akakaa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu kutwa nzima, akarudi tena kesho yake. Aliambiwa akae kando apishe wazazi wenye miadi, akakaa kando. Alichopata kilikuwa nusu ya alichokwenda kutafuta. Redio aliruhusiwa kubaki mpaka mwisho wa mwaka, yatakayofuata yataangaliwa. Baba akapewa kazi ya getini, kufungua na kufunga, akiwa na shati la kijivu na mshahara uliomfanya fundi aanze kupokea kazi za kushona mashuka ya nyumba za wageni.

Wiki nyingi baba na binti hawakuzungumza ila kwa mambo ya lazima, chumvi iko wapi, mlango umefungwa. Alimeza dawa zake kila asubuhi akiwa amegeukia ukuta. Bibi alijaribu kuwapatanisha kwa kuwatuma wote wawili kwenda kumchukulia kitu kimoja. Walikwenda, wakarudi nacho, bila neno. Sista alijua asichosamehewa. Alikuwa amemwona baba yake akiogopa, tena mbele ya watoto wanaomwita Anko.

Kisha alasiri moja Sista alikuwa amekaa kwenye ngazi, amevua viatu, miguu imemvimba kwa kusimama wodini. Baba alirudi kutoka getini, akasimama mbele yake na shati lake la kijivu. Alionekana kama mtu aliyebeba kitu na hajui akiweke wapi.

"Yule dereva mpya," akasema.

"Amefanyaje?"

"Kila akifika getini anashuka kukojoa. Asubuhi, mchana, kila safari. Na chupa ya maji haimtoki mkononi. Suruali zimeanza kumvuka, na alipokuja zilikuwa zinambana." Akakuna shingo. "Si ulikuwa unamsomea Bibi ile habari ya sukari? Si ndiyo dalili zake?"

"Ndizo hizo. Umemwambia?"

"Nimemwambia leo, kwa upole kabisa. Bwana, nenda kapime."

"Akasemaje?"

"Amenitukana matusi ambayo sijayasikia tangu nilipokuwa utingo. Ameniambia naitaka tena kazi yangu kwa uchawi." Baba akakaa kwenye ngazi kando ya binti yake, akanyoosha miguu. Tabasamu lilimjia polepole, kama linaomba ruhusa. "Ana mdomo mchafu kuliko wangu wa siku ile."

"Utafanyaje sasa?"

Baba alivua viatu vyake, kimoja kimoja, akavipanga pembeni mwa vile vyeupe vya binti.

"Kesho nitamwambia tena," akasema.